Mlango Usio na Nyumba

*Maneno haya yalisemwa Kolwezi, mkoani Lualaba, katika mkutano wa familia zilizohamishwa na viongozi wa kartie zao. Msemaji ni mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa kamati ya amani ya mtaa wake. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tumeyafupisha kidogo tu.*



Nimeombwa niseme juu ya picha na michoro, na juu ya zile sanaa za ajabu ambazo vijana wa siku hizi wanaziweka barabarani. Nilipomwambia jirani yangu alicheka. Akaniuliza: "Mwalimu, watu hawana mashamba, hawana nyumba, wewe unaenda kuwaambia habari za picha? Picha itawapa bukari?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba nimeitwa, na mtu akiitwa huenda.

Lakini usiku nilikumbuka kwamba shida yetu sisi tuliohamishwa ilianza kwa mchoro. Mnaujua. Unarudi kutoka sokoni, unakuta kwenye ukuta wa nyumba yako msalaba mwekundu wa rangi. Barua haipo, au inakuja baadaye, au inakuja kwa Kifaransa ambacho bibi hawezi kukisoma. Lakini msalaba ule kila mtu anauelewa, hata mtoto wa miaka minne. Mke wangu aliusugua wa kwetu kwa sabuni na majivu kuanzia asubuhi mpaka jua likazama. Haukutoka. Ulififia tu, ukawa kama kidonda kinachoanza kupona, na siku iliyofuata kijana mmoja alikuja na kopo lake akaupaka upya. Alitusalimia vizuri kabisa.

Mambo hayo yameandikwa. Mwezi Septemba 2023 shirika la Amnesty International, pamoja na wenzetu wa IBGDH, lilitoa ripoti juu ya watu kuondolewa kwa nguvu hapa Kolwezi kwa sababu ya shaba na kobalti, na magazeti ya nje yalizungumza juu yetu kwa wiki moja au mbili. Kabla ya hapo tulikuwa tumeona Kasulo, ambako mwaka 2014 watu walianza kuchimba ndani ya nyumba zao, chini ya vitanda vyao, na mwaka 2017 familia zikaondolewa na kartie ikazungushiwa ukuta. Sitarudia hayo, ninyi mnayajua kuliko mimi. Leo ninataka kusema juu ya mlango.

Wengi wenu mmeusikia, wengine mmeuona, na wawili watatu humu ndani walitaka kuuchoma moto. Ninawaona, msijifiche.

Ilikuwa hivi. Vijana wa mtaa wetu mpya walirudi kule tulikobomolewa wakaokota vitu: fremu za milango, vipande vya mabati, sufuria zilizobonyea, sandali za watoto, daftari za shule. Sisi wakubwa tulidhani wanataka kuuza vyuma chakavu. Kumbe usiku walichimba shimo katika uwanja ulio karibu na bomba la maji, wakasimamisha mlango. Mlango mzima, na fremu yake na bawaba zake. Nyumba hakuna. Ukuta hakuna. Mlango unafunguka na kufungwa, unaingia hapa unatokea pale, bado uko uwanjani. Nyuma yake walitundika zile sandali kwenye waya, kama nguo zilizofuliwa.

Alfajiri mama zetu walikwenda kuteka maji. Walirudi na ndoo tupu. Wengine walisema ni uchawi, ni mlango wa wafu, na anayeupita hatarudi. Mchungaji mmoja alikuja akauombea kutoka mbali. Mzee mmoja tunayemheshimu sana aliuzunguka mara mbili akasema: "Mbao hizi zingepika bukari wiki nzima. Watoto hawa ni wazimu." Vijana wenyewe walipoulizwa maana yake walijibu kwamba ni sanaa ya kisasa. Jibu hilo liliongeza hasira, kwa kuwa hakuna aliyejua amjibu nini mtu anayesema hivyo.

Halafu akaja mama mmoja, akausogelea, akashika mahali pa kufuli. Pale palikuwa pamezibwa kwa kipande cha kopo la maziwa ya unga, kimepigiliwa misumari minne. Akasema: "Huu ni mlango wangu. Kopo hili alilipigilia marehemu mume wangu." Sisi tulidhani atalia. Hakulia. Aliwageukia vijana kwa hasira ambayo sijapata kuiona kwake: "Nani amewapa ruhusa ya kusimamisha mlango wangu hapa ili kila mpita njia autazame?"

Ninyi vijana, swali lile lilikuwa la haki, na mpaka leo ninaona hamkulijibu vizuri.

Na mimi je? Nitasema ukweli, kwa sababu niliombwa niseme yangu, si ya vitabu. Mimi nilisikia aibu. Tulikuwa tumengoja wageni wa mradi waje kutuona wiki ile. Nilitaka waone mtaa uliofagiliwa, watoto wenye sare, watu waliokwisha kuanza maisha mapya. Na sasa katikati ya uwanja kuna takataka za nyumba zetu zilizovunjwa, zimesimamishwa kama sanamu ya mfalme. Wazee wawili walikuja kwangu jioni wakaniambia, wewe ni katibu, toa amri, tuuondoe usiku kimya kimya. Nilikubali. Nilikwisha kuazima sururu.

Kilichonizuia ni picha ya baba yangu, na hapa naomba mniruhusu nirudi nyuma kidogo.

Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kama baba wa wengi humu. Sebuleni kwetu palikuwa na picha mbili zilizochorwa kwa mkono juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Moja ilikuwa mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Ya pili ilikuwa ile inayoitwa Colonie belge: uwanja wa gereza, bendera ya Ubelgiji, mtu amelazwa chini anapigwa viboko, Mzungu anatazama, na pembeni mama wamebeba chakula cha wafungwa. Sisi watoto tuliiogopa. Usiku tulipita mbele yake tukikimbia. Nilimwuliza mama kwa nini baba anaweka jambo baya hivyo mahali tunapokula, na mama akanijibu neno moja: "Ukumbusho."

Neno hilo halikuwa la mama peke yake. Miaka ile ya 1960 na 1970 wachoraji walikuwa wengi katika miji yetu ya migodi, wakiuza picha kwa wafanyakazi, na wenyewe waliziita picha zao ukumbusho. Mmoja wao aliitwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 alikutana na mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, na katika miaka hiyo miwili, 1973 na 1974, alimchorea historia yote ya nchi yetu, picha zaidi ya 100, tangu zamani za mababu mpaka siku zile walizokuwa nazo. Wakakaa pamoja na mashine ya kurekodi, Tshibumba akaeleza picha moja moja kwa Kiswahili, Kiswahili hiki hiki chetu cha Katanga kilichochanganyika na Kifaransa. Alijiita mwanahistoria. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake hazikusikika tena. Picha zake ziko Amsterdam sasa, katika jumba la makumbusho. Mtanisamehe nikisema ningependa ziwe karibu zaidi.

Ninachotaka mshike ni hiki: picha zile hazikununuliwa kwa sababu ni nzuri. Baba hakuwahi kusema kwamba Colonie belge ni nzuri. Aliiweka ili mgeni akikaa aulize. Na mgeni alipouliza, baba alianza kusimulia, na mgeni naye akasimulia ya kwao, na sisi watoto chini ya meza tulisikia mambo ambayo hakuna mtu angetuambia tukiwa tumekaa sawasawa. Kwa hiyo nilipokuwa na sururu mkononi nilijiuliza: huu mlango wa vijana una tofauti gani na mfuko wa unga wa baba? Nikamrudishia jirani sururu yake.

Simaanishi kwamba nilikuwa nimeupenda. Sikuupenda. Hata sasa siupendi sana.

Vivyo hivyo niliwahi kukasirishwa na kazi za Sammy Baloji. Huyu ni mtoto wa kwetu, alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, na leo anajulikana duniani. Mwaka 2015 kazi zake zilionyeshwa Venice, Italia, katika maonyesho makubwa kabisa ya sanaa. Mpwa wangu anayesoma Lubumbashi alinionyesha kazi zake kwenye simu. Ya kwanza inaitwa Mémoire, ya mwaka 2006. Baloji alipiga picha viwanda vya Gécamines jinsi vilivyo sasa, vimekufa, vimeota kutu. Kisha akachukua picha za zamani za wafanyakazi wa wakati wa Union Minière, akawakata, akawabandika mbele ya magofu yale. Wanasimama pale kama waliofufuka, wengine wako katika hali ya utumwa kabisa, nao wanatutazama. Nilimwambia mpwa wangu: "Huyu anatutukana. Amewavua nguo babu zetu mara ya pili." Yeye akaniuliza: "Mjomba, nani aliwavua mara ya kwanza?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba zamani za Gécamines zilikuwa nzuri, posho ilifika, hospitali ilikuwepo. Ni kweli, vilikuwepo. Lakini katika masimulizi yangu nilikuwa nimesahau kuwataja wale watu, hata babu yangu mwenyewe.

Ya pili iliniuma zaidi, kwani inaitwa Kolwezi. Baloji alikuja huku, kati ya mwaka 2009 na 2012, akapiga picha kambi za wakreseri, zile nyumba za turubai na miti. Kando ya kila picha ya kambi aliweka picha moja ya zile karatasi za Kichina zinazouzwa sokoni: ziwa la buluu, bustani yenye maua, maporomoko ya maji, jumba refu la vioo. Mnazijua. Wachimbaji wanazibandika ndani ya turubai zao. Nikafikiri anatucheka, anaonyesha walimwengu kwamba sisi ni maskini tusiojua kitu kizuri. Kisha nikainua macho nikaona ukutani kwangu mwenyewe, katika nyumba hii mpya isiyo na dari, karatasi ya ziwa la buluu. Mke wangu aliinunua wiki ya kwanza tulipofika, kabla hatujanunua hata ndoo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema: "Nilitaka kuwe na mahali pa kutazama." Sasa, ndugu zangu, mtu aliyekaa chini ya turubai akanunua bustani ya karatasi si mjinga. Anajua anachokosa, amekipima kabisa. Baloji hakuongeza neno. Aliweka vitu viwili kando kando, kama vijana walivyoweka mlango na uwanja.

Kuna kazi yake nyingine ningependa wakuu wa kartie waitazame. Ni ya mwaka 2013, nayo inahusu Lubumbashi ilipoitwa Elisabethville. Wakoloni walitenga Wazungu na Waafrika kwa eneo tupu la mita 500, umbali ambao walidhani mbu wa malaria hawezi kuruka. Na kulikuwa na amri ya mfanyakazi kuleta nzi 50 ili apate posho yake ya siku. Baloji aliupiga mji picha kutoka angani, akaziweka picha hizo pamoja na visanduku vya nzi na mbu vya jumba la makumbusho. Ukitazama mara ya kwanza unasema: wadudu, basi? Ukikumbuka kwamba mstari uliochorwa ofisini juu ya karatasi uliamua bibi yako alale wapi, huwacheki tena wale wadudu. Sisi tuliohamishwa tumeona ramani za namna hiyo. Tumeziona zimekunjwa kwapani mwa watu.

Lakini sipendi mfikiri kwamba ninasifu kila kitu kinachoitwa sanaa. Hapana. Kinshasa kuna fundi mmoja mkubwa, Freddy Tsimba, aliyezaliwa mwaka 1967. Anatengeneza watu kwa maganda ya risasi yaliyookotwa mahali pa vita. Mwaka 2018 sanamu yake moja iliwekwa Paris, katika jumba la Chaillot, kukumbuka miaka 70 ya Tangazo la Haki za Binadamu. Mimi nikiona mama mjamzito aliyeundwa kwa maganda ya risasi ninaelewa bila mwalimu. Lakini Tsimba huyo huyo alijenga nyumba kwa mapanga, kuta zake zote ni mapanga. Nimeiona kwenye picha tu. Ni kazi ya nguvu, na yeye ana haki ya kuifanya. Ila mtu akitaka kuileta nyumba ile hapa, katikati ya familia zilizokimbia Kasai mwaka 2016 na 2017, watoto walioona kwa macho yao panga linafanya nini, mimi nitasimama barabarani nimzuie. Mji mkuu una watu wanaokwenda kutazama na kurudi kwao kulala. Hapa watu hawana pa kurudi. Anayetaka kusimamisha kitu kikali mbele ya walioumia awaulize kwanza, na mama wa mlango alikuwa anasema hilo hilo.

Na upande wa pili, sisi wa kamati za amani tusijisifu. Sisi tunapenda njiwa. Kila mradi ukimalizika lazima ukuta mmoja upakwe rangi, achorwe njiwa mweupe na mikono miwili inayosalimiana, mmoja mweusi zaidi kidogo, na chini yake majina ya wafadhili. Nimesimamia njiwa watatu mimi mwenyewe. Sijawahi kuona mtu amesimama mbele ya njiwa wetu akagombana naye, au akamwambia siri yake. Watu wanafunga mbuzi pale.

Mbele ya mlango watu waligombana. Nitaeleza jinsi ilivyokwenda, kwa kuwa wengi wenu mlisikia nusu tu.

Baada ya siku chache hofu ya uchawi ilipungua, maana watoto walikuwa wakiupita mlango mara mia kwa siku na hakuna aliyepotea. Mtu mmoja, hatujui ni nani, aliandika kwa mkaa juu ya mbao jina la avenu yake ya zamani na namba ya nyumba. Kesho yake kulikuwa na namba kumi. Baada ya wiki mlango ulikuwa mweusi kwa maandishi. Watu waliokuwa hawajatamka namba ile tangu siku ya kubomolewa walikuja na mkaa kutoka jikoni. Hapo hata yule mzee wa mbao za bukari alikuja na miwani yake akatafuta nafasi.

Halafu asubuhi moja tukakuta, kwa herufi kubwa juu ya namba zote: STESHENI 1993.

Wazee mnajua. Kwa vijana nitasema. Mwaka 1992 na 1993, katika jimbo lililokuwa likiitwa Shaba, maneno ya wanasiasa yaliwageuza majirani. Wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapa, hata ambao babu zao waliletwa na Union Minière kufanya kazi, walifukuzwa kutoka nyumba zao, Likasi na hapa Kolwezi na kwingineko. Mamia ya maelfu waliondoka. Watu walirundikana kwenye stesheni wakingoja treni, wiki baada ya wiki, na wengi walikufa wakingoja au njiani, zaidi watoto. Baba yangu ni Msanga, mama yangu ni wa Kasai. Ndugu wa mama walipanda treni ile. Mama alibaki kwa sababu baba alisimama mlangoni. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuzungumzwa, na ukutani hatukuwa na picha yake.

Mtu mwingine alifuta maneno yale kwa tope. Yakaandikwa tena. Yakafutwa. Mara ya tatu vijana wa pande mbili walirushiana mawe pale pale kwenye bomba, na mtoto mmoja akapasuka kichwa. Sasa ilikuwa kazi yetu ya kamati kweli kweli, na wazee wale wawili waliniambia: unaona, tungeuondoa ule usiku. Labda walikuwa na haki. Ninawaachia neno hilo.

Tuliitisha kikao pale pale uwanjani, si ofisini. Tuliweka sheria moja ambayo niliitoa darasani, kwa namna ninavyofundisha watoto kutazama picha: kila mtu kwanza aseme anachokiona, na bado asiseme anachofikiri. Mama zetu walianza. "Ninaona mlango." "Ninaona kopo la maziwa." "Ninaona sandali ya kushoto, ya kulia haipo." Inaonekana mchezo, lakini mtu mwenye hasira akilazimika kusema anachokiona tu, sauti yake inashuka. Tulichukua karibu saa moja. Ndipo tukafika kwenye maneno ya mkaa, na mama mmoja mzee wa Kasai akasema: "Ninaona mwaka niliomzika mwanangu kando ya reli."

Hakuna aliyeongeza. Kisha akasimama mzee wa upande wetu wa Katanga. Alisema yeye ndiye aliyekuwa akifuta kwa tope. Akasema mwaka ule wa 1993 alinunua kabati kutoka kwa familia iliyokuwa inakwenda stesheni. Walikuwa wakiuza kila kitu. Aliinunua na hakuiba, alitaka tuelewe hivyo. Kabati lile alilibeba mpaka nyumba iliyopigwa msalaba mwekundu, na akalitoa kabla ya tingatinga kufika, na sasa liko katika chumba chake hapa. Alisema kila akiona namba za nyumba kwenye mlango alikuwa anaona kabati. Mama yule akamwuliza: "Ulilipa kiasi gani?" Akataja. Ilikuwa bei ya mfuko mmoja wa unga. Mama akasema, "Ndiyo, ndiyo bei iliyokuwepo," akakaa.

Hawakukumbatiana, na sisi hatukuwaomba wakumbatiane. Hakuna aliyepiga picha pia, maana tulikuwa tumekubaliana hivyo mwanzoni, na ninawashukuru wageni wa mradi waliokuwepo siku ile kwa kuacha kamera zao mfukoni. Tangu siku hiyo maneno ya mkaa hayajafutwa. Mawe yalirushwa mara moja tena, kwa ajili ya mpira wa miguu.

Kwa hiyo viongozi, nikiruhusiwa kuomba, ninaomba machache. Vijana wakisimamisha au kuchora kitu kisichoeleweka mtaani, msikifute usiku. Kifuteni mchana ikiwa lazima, mbele ya watu, na sababu isemwe. Mwenye kiwanja aulizwe, na mwenye kitu aulizwe. Vijana wetu walikwenda hatimaye kwa yule mama kumwomba msamaha, lakini walichelewa wiki tatu. Wakati wa kampeni msiruhusu rangi ya chama chochote juu yake. Na mkiona watu wanakasirika, msikimbilie kuwatuliza kabla hamjajua wanakasirikia nini hasa. Mimi nilidhani mama anakasirikia uchawi, na mzee anakasirikia maandishi.

Mtaniuliza mlango uko wapi sasa. Upo. Mvua imeukunja kidogo chini na haufungi vizuri. Sandali zimeibiwa zote. Watoto wanautumia kama goli. Yule mama aliamua ubaki, ila alichukua kipande cha kopo pamoja na misumari yake minne, akakipigilia kwenye mlango wa nyumba yake mpya, ambao kwa kweli hauna tundu lolote la kuzibwa.

Jumamosi tutakaa pale tena, saa nane. Mzee wa kabati amesema atakuja na wajukuu zake. Mwenye picha ya zamani ya nyumba yake, hata iliyochanika, alete. Asiye na picha alete mkaa.